Noti ya Kumshikisha Mtoto

Ningependa siku moja niketi ana kwa ana na mtu aliyeamua kwamba noti ya hamsini haina kazi tena. Sijui kama ni mtu mmoja au ni kamati. Sijui hata kama waliamua, au waliiacha tu iishe polepole kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Lakini ningempata, ningemwuliza swali moja tu: wewe, umewahi kwenda kuona mtoto Molo?

Kwetu Molo kuona mtoto si kumwangalia. Akina mama wa kijiji wanapatana siku, wanabeba uji kwenye chupa, viazi, ndizi, na kama mvua imekaza, kuni kavu. Na kila mmoja anakuja na noti yake moja, safi kadiri awezavyo kuipata, imekunjwa mara mbili. Akifika anapakatishwa mtoto. Anavifungua vile vidole kimoja kimoja, anaiweka noti kwenye kiganja, anavifunga tena, na hapo ndipo anasema analotaka kumwombea. Uwe na afya. Uwe na ng'ombe. Usiwe mlevi kama babu yako. Watu wanacheka. Mtoto akiing'ang'ania noti wanapiga vigelegele kwamba huyu atajua kuweka, na akiiachia wanapiga vigelegele vilevile, kwamba huyu ni wa kutoa. Mimi nilishikishwa hivyo, na binti yangu alishikishwa hivyo hivyo, nikiwa nimekaa kitandani kwa mama nikinywa uji ambao sikuutaka.

Kulikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa popote. Noti ilikuwa ile ndogo kuliko zote, na ilikuwa sawa kwa kila mtu. Mke wa mwalimu mkuu alitoa ile ile aliyotoa mjane aliyelima shamba la kuazima. Ukija na kubwa, umewaaibisha watakaokuja nyuma yako, na mama angekuambia hivyo hivyo usoni. Sarafu nayo haikufaa. Mtoto haishiki, inateleza, na akiishika inaelekea mdomoni. Isitoshe, sarafu ni ya kumtuma mtu kiberiti.

Mama alianza na noti ya tano. Ile ya tano ikageuka sarafu, wakahamia ya kumi. Ya kumi ikageuka sarafu, wakahamia ya ishirini, nayo ikaenda njia hiyo hiyo. Kila mara walinung'unika kidogo, wakapanda ngazi moja. Hamsini waliivumilia kwa miaka mingi. Sasa hamsini nayo imeanza kuadimika, na ngazi inayofuata ni mia.

Utaniambia mia ni kitu gani. Utaniambia wewe unayekunywa kahawa ya mia tatu ukiwa umesimama. Mama na wenzake wanaona pesa wakati lori linapokuja kubeba viazi, na lori likishaondoka wanangoja hadi lirudi. Watoto hawazaliwi kwa kufuata lori. Kijiji kikipata watoto watano kwa mwezi mmoja, hiyo mia mara tano ni mafuta ya taa, ni dawa ya presha, ni sukari. Na mkono mtupu haulambwi, kila mtu anajua. Kwa hiyo wale kina mama walifanya jambo ambalo hakuna mtaalamu wa pesa aliyelifikiria: waliacha kwenda. Hawakutangaza. Mtoto angezaliwa ng'ambo ya mto, mmoja angesema mguu unamsumbua, mwingine angesema ana mgeni. Wanawake waliokuwa wakiingia kila nyumba kijijini wakaanza kukaa kwao wakisikiliza redio.

Nilipogundua hilo nilikasirika hadi nikashindwa kula. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, nina cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa, na siwezi kujifanya mtakatifu, kwa sababu hata mimi nimebandika namba ya kulipia ukutani juu ya kichwa changu. Simu ni nzuri. Imeniokoa na wateja wa "nitaleta kesho". Lakini kitu kinaweza kuwa kizuri kwangu na bado kikamfungia mama yangu mlango.

Kisha binti yangu akajifungua. Mjukuu wangu wa kwanza, na kitukuu cha kwanza cha mama. Binti yangu ameolewa Njoro, mume wake anafundisha chuoni, na wana nyumba nzuri yenye kapeti ambayo unaogopa kuikanyaga. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo. Alishukuru, kisha akauliza kama mtoto ni mzito.

"Sasa nitamshikisha nini?" akaniuliza.

"Mama, wewe njoo tu."

"Nije tu kama nani? Kama mtu wa kusoma mita ya stima?"

Akaniambia anachotaka. Alitaka aje na wale wenzake watatu, ambao walinishikisha mimi na wakamshikisha binti yangu, kila mmoja na hamsini yake. Hawakuwa wote wa lugha moja, wale wanne, na kuna miaka mibaya ya mapigano ambapo kuingia katika nyumba ya mwenzako kulihitaji moyo, na waliingia, noti ikiwa imekunjwa mkononi. Mama ana zaidi ya miaka themanini. Hakusema kwamba hii ni mara yake ya mwisho, lakini mimi si mjinga. Nikamwambia ahesabu nimeshazipata.

Nikaanza kuzitafuta. Kwenye kioski ninaponunua maziwa niliomba hamsini, kijana akanicheka.

"Mathe, finje za karatasi ziliisha kitambo. Si utume tu kwa simu?"

Kwenye supamaketi nilinunua chumvi ambayo sikuihitaji ili nirudishiwe chenji, na msichana wa kaunta akanipa sarafu na peremende mbili. Nilimwuliza kama nikirudi kesho kununua unga atapokea peremende. Akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Niliziacha pale kwenye kaunta na mtu aliyekuwa nyuma yangu akazichukua.

Nikaenda benki, nikapiga foleni nyuma ya watu wenye bahasha za maana. Kijana aliye nyuma ya kioo alinitazama kana kwamba nimeomba pesa za mkoloni.

"Hamsini za noti? Hizo hatujaletewa. Naweza kukupa coins."

"Sitaki coins. Nataka nne tu."

"Ni za nini, mathe?"

Nilimwambia ni za kumshikisha mtoto. Akatabasamu, tabasamu lile la kumpa mtu mzima asiyeelewa dunia, akaniambia siku hizi kuna akaunti za watoto na naweza kuifungua leo leo nikiwa na kitambulisho. Nikatoka. Nilikuwa nimeshafika nje ndipo nilipopata jibu la kumpa, na bado ninalo.

Mwenye duka la vitambaa ninapokaa ni mzee wa Kihindi, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Tumekaa pamoja miaka mingi, yeye ndani na mimi barazani, na anajua hali yangu kwa mlio wa cherehani.

"Mama, leo unapigana na nani?" akaniuliza kutoka ndani.

Nikamweleza. Niliongea sana, maana nilikuwa nimelibeba siku nzima. Hakucheka. Alivuta droo ya chini ya meza yake, akatoa bahasha, na ndani yake mlikuwa na noti za hamsini, chache, zimenyooka, hazina kunyanzi hata moja.

"Hizi ni za harusi na za watoto," akasema. "Sisi tunatoa hamsini na moja. Noti moja, na shilingi moja juu."

"Hiyo shilingi ni ya nini?"

"Ukitoa hamsini kamili, imeisha. Ukiweka moja juu, kuna nyingine imeanza. Basi mtu na mtu bado wana maneno." Akavaa miwani yake. "Sasa mpwa wangu ananiambia, mjomba, weka tu kwa simu. Mimi nitume shilingi moja kwa simu? Atafikiri nimekosea namba."

Akanihesabia nne. Nikampa noti ya mia mbili na nikataka kumwongezea kitu, kwa sababu niliona bahasha imebaki nyembamba. Akakataa, akasema yeye anauza vitambaa, hauzi noti. Watu kama hao ndio wangepaswa kuulizwa kabla ya kitu chochote kuondolewa katika nchi hii.

Nilizipeleka Molo ndani ya kitabu ili zisikunjike. Mama aliwaita wenzake na kila mmoja akapokea yake, akanipa sarafu zake za hamsini papo hapo, maana hakuna aliyekubali kununuliwa. Yule mkubwa wao, anayemzidi mama kwa umri, aliinusa noti yake, akacheka. Jioni hiyo walikaa jikoni wakikumbushana ni mtoto gani aliyeng'ang'ania na nani aliyeachia, na mama aliongea kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu waache kutembelea watoto. Nilifurahi sana. Nilifurahi hadi nikadhani nimeishinda benki.

Siku ya kwenda Njoro nilikodi gari la jirani. Wale kina mama walivaa vitambaa vya kichwa vya Jumapili na kila mmoja aliishika noti yake mkononi njia yote. Nyumbani kwa binti yangu kulikuwa na hema, maputo, viti vimevishwa nguo kama watu, na bango kubwa lenye picha ya mtoto. Chini ya picha kulikuwa na namba ya simu ya kutuma zawadi. Langoni alisimama wifi yake binti yangu, dada ya mume, msichana mchangamfu mwenye kucha ndefu. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni, kuhakikisha pesa zao zimeingia, na kuwabandika utepe kifuani.

Mimi nilibaki nyuma nikimsaidia dereva kushusha gunia la viazi. Ningekuwa mbele, haya yote yasingetokea. Niliwaona kwa mbali wakisimama langoni, nikamwona yule msichana akiwainamia kwa heshima na kuwashika mikono. Nilidhani anawasalimu.

Baadaye mama aliniambia maneno yenyewe, msichana akiwaita shosho, yaani nyanya. "Shosho, wacha niwasaidie. Cash hupotea kwa hizi sherehe. Nyinyi nipeeni, mimi nitatuma kwa simu yangu."

Nao wakampa. Utawalaumu? Walikuwa wageni, wamefika kwa watu wenye kapeti, na mgeni habishani langoni. Walidhani ndio utaratibu wa pale, kama hospitalini unapoambiwa acha mkoba hapa. Labda zitaletwa ndani kwenye sahani. Labda zinapigwa picha kwanza, maana kila kitu pale kilikuwa kinapigwa picha. Nilipofika langoni na gunia langu, yule msichana alinionyesha simu yake kwa furaha.

"Mum, nimetuma za mashosho zote, mia mbili. Imeingia."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilisema asante.

Ndani, mama alikuwa amekwisha kukalishwa na kupakatishwa mtoto. Wenzake watatu walisimama nyuma ya kiti wakingoja zamu. Mama alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akaushika ule mkono mdogo, akavifungua vidole kimoja kimoja kama alivyofanya maisha yake yote, na mkono wake wa kulia ukaja juu ya kiganja cha mtoto. Haukuwa na kitu. Alitazama mlangoni. Alitazama mkono wake. Kisha akavifunga vile vidole juu ya hewa, akamrudisha mtoto kwa mama yake.

"Shosho, husemi kitu?" binti yangu akamwuliza, simu ya mtu fulani ikiwa imeinuliwa kurekodi.

"Amependeza," mama akasema.

Hakumwombea lolote, kwa sababu neno na noti hutoka pamoja. Wale wengine watatu hawakumshika mtoto kabisa. Mmoja alisema ana mafua, na wakaenda kukaa kwenye viti vilivyovishwa nguo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatoka kwenda langoni nikiwa sioni mbele.

"Nipe zile noti nne."

"Noti gani, mum?"

"Za wale kina mama. Rudisha uwape."

"Ai, nilimpea mtu wa boda aliyeleta barafu," akasema. "Alikuwa amekosa chenji, na mimi nilikuwa na thao, elfu nzima. Zilinisaidia sana."

Yaliyonitoka mdomoni sitayaandika. Msichana alilia hadi wanja ukamshuka, akasema alikuwa anasaidia tu. Na ni kweli, alikuwa anasaidia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nimetafuta mwovu katika habari hii ili nimalizie hasira yangu kwake, na kila ninayemfikia ananiambia alikuwa anasaidia. Benki inasaidia, simu inasaidia, msichana wa langoni anasaidia. Wanawake wanne wametolewa njia yote kutoka Molo, wamesaidiwa hadi wakafika kwa mtoto mikono mitupu.

Nilikuwa na noti moja ya mia mkobani. Nilimpelekea mama, nikamnong'oneza aiweke. Aliitazama, kisha akawatazama wenzake.

"Na hawa?" akaniuliza.

Zangu zingine zote zilikuwa kwenye simu.

Binti yangu alinipigia kesho yake kuuliza kama shosho alikasirika. Nikamweleza kila kitu, na sikumweleza kwa upole. Alilia pia. Alisema hakujua, mbona hatukusema, yeye angewazuia watu wote wangoje. Nilimwamini. Nilidhani ameelewa, na labda alidhani hivyo pia.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Molo. Wale kina mama wenzake walikuwa wamekuja baada ya kanisa, wameketi mezani wakinywa chai, na simu ya mama ikalia ile sauti ya ujumbe. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, kwa hiyo alinipa nisome, na mimi mpumbavu nikasoma kwa sauti kabla sijaangalia ni nini. Zilikuwa pesa kutoka kwa binti yangu. Chini yake kulikuwa na ujumbe: Shosho pole sana kwa yaliyotokea. Nimewarudishia pesa yenu, nimeweka na ya kutoa kwa wakala. Tunawapenda.

Kikombe cha mama kilibaki hewani.

"Amerudisha?" akauliza.

"Anasema pole, mama. Anasema wanawapenda."

"Nimesikia. Amerudisha?"

Binti yangu alikulia mjini, na mimi sikumfundisha, kwa sababu ni jambo ambalo hakuna mtu anayefundishwa, kama vile hufundishwi kutomtemea mtu mate. Pesa aliyopewa mtoto hairudishwi. Mama ameishi Molo tangu akiwa msichana, na ameona ikirudishwa mara moja tu, na nyumba ile na ile nyingine hawakuzikana. Kumrudishia mtu noti ya mtoto ni kumwambia: yale uliyotuombea, beba uende nayo. Hata ukiongeza ya kutoa. Hasa ukiongeza ya kutoa.

Nilijaribu kueleza. Nilisema ni mtoto, hajui, alitaka kurekebisha. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno, kwa adabu, kama alivyomwitikia yule msichana wa langoni. Kisha akanituma kwa wakala nikazitoe, kwa sababu pesa ya watu ilikuwa imekaa kwenye simu yake na wenyewe walikuwa pale.

Wakala alikuwa anafunga. Nikamwambia nataka hamsini nne, akatikisa kichwa. Nikamwambia basi sarafu. Sarafu zote zilikuwa zimekwenda asubuhi na watu wa kanisa. Akanipa noti moja ya mia mbili. Nilizunguka kituo chote, duka la dawa, hoteli ya chai, mwenye makaa. Hakuna aliyeweza kuivunja bila kununua kitu.

Nikarudi, nikaiweka mezani katikati ya vikombe. Wanne wale waliitazama. Kila mmoja alikuwa na robo yake mle ndani na hakuna aliyeweza kuitoa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Chai ilipoa. Hatimaye yule mkubwa wao akasema, kwa upole, ili kututoa pale tulipokwama:

"Basi mpelekeeni mtoto."

Mama aliisukuma ile noti kwa kidole kimoja, mbali naye.

"Mtoto gani?" akasema. "Si ndiye ameirudisha."